Katekista na Binti wa Mhunzi

Kila Jumamosi saa nne asubuhi Katekista aliwafundisha wachumba habari za ndoa katika chumba cha nyuma ya kanisa, na saa nane mchana aliwasha TV sebuleni kwake mtaa wa Chanji, mjini Sumbawanga, akatuongoza sisi watoto kucheza gemu. Kazi zote mbili alizifanya akiwa na koti lilelile la kahawia na sauti ileile ya kusoma somo. Mke wake alikuwa akiishi kijiji cha Muze, bondeni, chini kabisa ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, kwa miaka ambayo hakuna aliyethubutu kuihesabu mbele yake. Mji wote ulijua, na hata wale wachumba walijua. Kisichojulikana ni kama ipo siku atashuka kwenda kuongea naye, au ataendelea kutuma magunia ya ulezi mpaka mmoja wao azikwe.

Swali hilo nililibeba tangu nikiwa kidato cha kwanza. Halikunihusu, lakini mimi ni mtu wa kubeba yasiyonihusu. Katekista aliligundua mapema, akanipa jina la Mwenye Kuwaza. Nikiingia mlangoni alisema, "Mwenye Kuwaza amefika. Sogeeni, ana mzigo."

Ile mashine ya gemu ilikuja Sumbawanga kama vilivyokuja vitu vyote vya miaka ile, baada ya mipaka kufunguliwa na maduka kujaa bidhaa tusizozijua matumizi. Mpwa wake aliyekuwa utingo wa malori ya mpakani Kasesya aliileta ndani ya boksi la sabuni, pamoja na sahani moja tu ya gemu na karatasi ya maelekezo iliyochanika nusu. Katekista aliipokea kwa sababu alitaka vijana wawe na mahali pa kukaa mbali na vilabu vya pombe. Hakutoza pesa. Kila aliyeingia alileta kuni moja, kwa kuwa sebule ile ilikuwa na baridi, na mwezi wa Juni upepo wa Ufipa hupita chini ya mlango kama mtu mwenye haraka.

Alikuwa mrefu, ameinama kidogo kuanzia mabegani. Hakuwahi kukaa kwenye kiti akiwa anasoma. Alisimama pembeni ya TV, mkono mmoja juu yake, akisoma maandishi ya Kiingereza kwa macho na kuyatoa mdomoni kwa Kiswahili, taratibu, kama anavyosoma Injili. Kiingereza chake alikipata seminari, mahali alipotoka bila kutuambia kwa nini. Sisi hatukujua kwamba gemu huchezwa kimya. Tulidhani kila gemu duniani ina mzee wa kuisoma.

Na gemu yenyewe ilikuwa ya namna hiyo, ya safari na maneno mengi. Unakuwa kijana mmoja asiye na wazazi, unatembea nchi nzima, unaongea na watu wa kila kijiji, unapata wenzako wa kufuatana nao. Nchi ile ilikuwa inamezwa na ukungu. Kijiji kikimezwa, kengele yake hainyamazi tu, hata watu wa kijiji cha jirani husahau kwamba iliwahi kulia. Kwetu ukungu haukuwa jambo la hadithi. Asubuhi nyingi nilikwenda shule nisiione miguu yangu, nikasikia mkokoteni wa ng'ombe unapita karibu bila kuuona, na harufu ya ulezi uliolowa. Baada ya gemu ile kuanza, nilikuwa nikisimama njiani na kusikiliza kama kengele ya kanisa bado inalia. Ikilia, nilitembea. Siku moja ilichelewa, nami nikasimama pale mpaka nikachelewa namba shuleni.

Katekista alikuwa na misemo yake. Mtu akipigana ovyo na majini alisema, "Usimpige asiyekuuliza njia." Mtu akisahau kuhifadhi mchezo umeme ukakatika, alisema, "Mungu amekuona unajiamini." Na kila wakati mazungumzo ya kwenye gemu yalipotupa nafasi ya kuchagua jibu, alisema neno moja: "Twende."

Neno hilo linahitaji maelezo. Katika gemu ile, mwenzako akikuambia jambo, yanatokea majibu matatu. La kwanza huwa la kuuliza, la pili la kusifu, la tatu ni "Twende." Katekista alituagiza tubonyeze la tatu daima. "Maswali yanachelewesha safari," alisema. "Watu wanazama huko mbele." Kwa hiyo tulivuka milima na mabonde yote ya nchi ile, na wenzetu wakituambia habari za mama zao, ndoto zao na hofu zao, sisi tukiwajibu: Twende. Twende. Twende.

Mwenzetu wa kwanza kupatikana alikuwa msichana mwenye upinde. Jina lake lilikuwa gumu kutamka, basi Katekista akamwita Binti wa Mhunzi, kwa kuwa baba yake alikuwa akifua vyuma katika kijiji cha tatu. Jambo hilo lilitufurahisha sana, maana Ufipa ni nchi ya wahunzi wa zamani, na kila mtoto aliyekuwa pale alimjua babu wa mtu aliyewahi kuyeyusha chuma. Pembeni ya jina la Binti wa Mhunzi kulikuwa na kopa ndogo, kama ile ya kwenye karata, tupu katikati. Karatasi ya maelekezo, ile nusu iliyobaki, ilisema kwamba kopa hiyo hujaa kwa zawadi, na ikijaa binti atakuwa mchumba.

Hapo ndipo Katekista alipokasirika kwa mara ya kwanza.

"Hadithi ilikuwa nzuri," alisema. "Nchi inamezwa, watu wanasahau kengele zao, halafu mtu anasimama kuchuma maua! Aliyetunga ameiharibu mwenyewe."

"Ni kweli, Katekista," alisema Masanja. Huyu alikuwa mwenzangu wa darasa, mtoto wa wafugaji waliohamia bondeni kutoka Shinyanga, aliyekuwa akikaa kwa mjomba wake mjini ili asome. "Mapenzi watoe. Waongeze joka."

"Joka lipo, subiri."

"Moja halitoshi."

Mimi nikasema, kwa sauti ndogo, "Lakini tukiiokoa nchi, halafu tunarudi kwa nani?"

Katekista akanitazama. "Tunarudi nyumbani."

"Kuna nani?"

Akasema kuni zimepungua. Mimi nilirudi nyumbani nikijilaumu siku tatu, nikiwaza kama nimesema neno la kumuumiza mzee mwenye nyumba ambayo ndani yake kulikuwa na kikombe kimoja.

Pamoja na hasira ile, hakuwa mtu wa kuacha jambo la uchumba likae nusunusu. Kama kuna mchumba, basi taratibu zifuatwe. Na hapa ndipo tulipofanya kosa ambalo sidhani kama kuna watoto wengine popote waliwahi kulifanya. Maelekezo yalisema zawadi. Nusu ya karatasi iliyosema apewe nani ilikuwa imechanika. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejiuliza. Zawadi za uchumba zinakwenda kwa wazee wa binti; nani asiyejua? Basi kila tulichookota tulikipeleka kijiji cha tatu kwa mhunzi. Asali, hereni za fedha, ngozi ya chui, maua yaliyokuwa hayanyauki. Tulirudi nyuma safari nzima kwa ajili hiyo. Masanja alisikitika tu kwamba gemu haina ng'ombe.

"Mkwe gani anapelekewa hereni?" aliuliza. "Tafuteni hata ndama."

"Katika nchi hii ng'ombe hawapo," alisema Katekista. "Peleka kilichopo, kwa heshima."

Na mhunzi alipokea. Hilo ndilo lililotupoteza. Kumbe alikuwa amewekwa pale kupokea kila kitu na kukiyeyusha ili auongezee makali upanga wa kijana. Kila zawadi alisema maneno yaleyale, ambayo Katekista aliyatafsiri, "Nashukuru, msafiri, moto wangu umefurahi," na upanga wetu ukang'aa zaidi. Sisi tukasema baba mkwe amelainika. Binti wa Mhunzi alisimama nyuma yetu wakati wote huo, upinde begani, akiongozana nasi kwenda na kurudi kwa baba yake. Kopa yake haikujaa hata tone. Katekista alisema itajaa yote kwa mpigo siku ya harusi.

Niseme sasa habari za magunia.

Mkewe aliondoka kwenda Muze kumuuguza mama yake. Hivyo tu. Hapakuwa na ugomvi ambao mtu yeyote aliusikia. Mama akafariki, msiba ukaisha, na mke hakupanda tena juu. Katekista naye hakushuka. Badala yake, kila baada ya mavuno alimtumia shemeji yake, kaka wa mkewe, gunia la ulezi, na mara nyingine blanketi, au chumvi, au jembe jipya. Shemeji alipokea. Akarudisha samaki wakavu wa Ziwa Rukwa na salamu. Katekista alikula samaki wale akiwa amesimama, kama alivyozoea, na ukimuuliza habari za Muze alijibu, "Mambo yanakwenda vizuri. Shemeji ameshukuru."

Na Jumamosi iliyofuata angesimama mbele ya wachumba akawaambia kwamba ndoa ni maongezi. Dada yangu alifundishwa naye. Aliniambia kwamba Katekista alifundisha vizuri kuliko mtu yeyote, aliuliza kila mchumba peke yake, "Wewe mwenyewe unataka?", na hakuendelea mpaka asikie jibu la mdomo. Binti mmoja alijibu hapana, na Katekista akamsindikiza yeye mwenyewe hadi kwao na kukaa na baba yake mpaka jambo likaeleweka. Nimejaribu miaka mingi kuwaunganisha watu hao wawili, yule aliyeuliza wasichana wa watu na yule aliyetuma magunia. Sijaweza. Labda swali lilikuwa rahisi kwake pale ambapo jibu halikumhusu.

Tulifika mlima wa mwisho mwezi wa Julai, mchana wenye ukungu hata dirishani kulikuwa kweupe kama skrini. Upanga wetu uliwaka. Masanja alishika padi ya kuchezea, akilingoja joka. Ndipo Binti wa Mhunzi aliposimama, akageuka, na maandishi yakatokea.

Mimi niliyasoma. Kiingereza changu kilikuwa kizuri kwa umri ule, kwa sababu ya uoga wa mitihani. Alisema: Tumetembea pamoja milima hii yote. Hujaniuliza kitu hata kimoja. Sijui ulikuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya baba yangu.

Nikamtazama Katekista. Aliuondoa mkono wake juu ya TV. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya somo, "Anasema anakwenda kumsalimia shangazi yake."

"Sasa hivi?" Masanja alipiga kelele. "Joka hilo hapo!"

"Shangazi anaumwa."

"Mahari tumemaliza! Asali yote ile! Anakwenda wapi bila ruhusa?"

Binti akaingia kwenye ukungu. Mgongo wake, upinde, kisha nywele, kisha hakuna. Katekista akazima TV kwa kidole, akasema umeme unataka kukatika. Umeme haukukatika. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka, nami niliiona, na sikusema neno. Nilijiambia mtoto hamsahihishi mzee. Nilijiambia labda nimesoma vibaya. Nilijiambia mambo mengi, nikayaamini kwa zamu.

Hatukumaliza gemu ile. Wiki chache baadaye nilipita na kuni yangu siku isiyo ya gemu, nikamwona kupitia dirishani. Alikuwa amekaa chini sakafuni, jambo ambalo hakulifanya, padi mikononi. Alikuwa ameanza upya, kijiji cha kwanza. Binti wa Mhunzi alikuwa amesimama mbele yake na majibu matatu yalikuwa yanasubiri. Nilikaa pale mpaka vidole vikafa ganzi. Kidole chake kilipanda juu kwenye jibu la kwanza, kikashuka, kikapanda. Mwisho akabonyeza la tatu. Nikaiweka kuni yangu mlangoni nikaondoka.

Chuoni Dar es Salaam niliwakuta vijana wanaojua gemu kunishinda mara mia, na kulikuwa na ubishi usiokwisha kuhusu kama mapenzi yanazifaa gemu za namna ile au yanazichafua. Wengi walisema yanachafua: unampa mtu zawadi kumi, anakupenda, hayo ni mapenzi au duka? Nilikubali kwamba ni duka. Nilikubali kwamba safari hupoa mtu anaposimama kugawa maua. Halafu nikiwa kitandani niligundua kwamba simkumbuki mfalme wa nchi ile, wala sijui joka lilikuwa la rangi gani. Nakumbuka mgongo unaoingia kwenye ukungu. Kama yule binti angelazimika kutupenda kwa sababu ya asali, gemu ile ingeshasahaulika kama kengele zake. Ilikuwa nzuri kwa sababu aliweza kuondoka. Sikuwahi kuwaambia wale vijana, kwa kuwa ningelazimika kueleza habari za mhunzi, na baada ya hapo habari za magunia.

Nilipomaliza chuo nilirudi Chanji kukaa na wazazi na kuandika barua za kuomba kazi, ambazo nilizirudia mara nyingi hata tarehe zikapitwa. Asubuhi moja baada ya mavuno nilikuwa napita mahali yanapopakia magari ya Muze, nikamwona. Koti lilikuwa lilelile, limepauka. Alikuwa amesimama kando ya lori lililokuwa linashuka kufuata mchele, na miguuni pake kulikuwa na gunia la ulezi na blanketi jipya.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, mwanangu. Mwenye Kuwaza! Wamekupa kazi?"

"Bado."

"Unawaza sana kwenye barua. Wanaisikia." Akacheka kidogo. "Namtumia shemeji mzigo. Mwaka huu ulezi umekubali."

Sijui ni nini kilichonifungua mdomo. Labda ni lile blanketi, bado lina karatasi ya dukani. Nikasema, "Katekista, yule binti hakwenda kwa shangazi."

Hakujifanya hajui ninachosema. Alilitazama gunia. Utingo alikuja kulibeba, Katekista akamzuia kwa mkono.

"Wewe uliyasoma," alisema.

"Niliyasoma. Nilinyamaza."

"Miaka yote hii."

"Nisamehe."

"Nilijua mmoja wenu ameyasoma. Nilidhani ni Masanja, kwa vile alivyopiga kelele." Akapangusa macho, au alipangusa vumbi. "Hebu niambie alivyosema. Kwa Kiswahili chako, siyo changu."

Nikamwambia, neno kwa neno. Dereva alipiga honi. Katekista aliliburuta gunia mpaka kwenye duka la jirani, akaweka blanketi juu yake, akamwambia mwenye duka atapitia siku nyingine. Kisha akapanda mbele ya lori, akanipa mkono.

"Panda. Nikikwama utanitafsiria."

Tulishuka ukingo polepole. Juu kulikuwa na baridi na mawingu yamelala barabarani. Kila kona tuliyopita joto likaongezeka, mpaka bonde likafunguka chini yetu, jeupe kwa mbali kule kwenye ziwa. Njiani Katekista alivua koti, akalikunja magotini. Sikuwahi kumwona bila koti. Alikuwa mwembamba.

Mkewe alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka chini ya ukuta, anapepeta mchele. Lori lilitushusha hapohapo, dereva akasema anapakia jirani, atatupigia honi. Mama yule alinyanyua macho, akatuona, akarudisha macho kwenye ungo.

"Kaka yupo shambani," alisema. "Mzigo wekeni hapo mlangoni."

"Sina mzigo," alisema Katekista.

Ungo ukasimama.

Akachuchumaa mbele yake, juani, akapiga makofi ya taratibu kama wanavyosalimiana Wafipa, mikono chini, kichwa chini. Ni wake zao ninaowaona wakisalimia waume hivyo kila siku. Kumwona mwanaume anaanza yeye, mzee, katekista, nilitamani kugeuka nisitazame.

"Huna mzigo, basi umekuja kwa nani?"

Katekista akanigeukia. Macho yake yaliomba tafsiri. Na mimi, ambaye nilikuwa na maneno elfu moja tayari, niliona kwamba nikisema hata moja nitakuwa nimelitia kwenye moto wa mhunzi. Nikanyamaza. Kwa mara hii nilijua kwa nini.

"Kwako," alisema mwisho. "Nimekuja kukuuliza."

"Uliza."

"Huku chini..." Akautazama ule ungo. "Huku chini unaishije?"

Mama aliweka ungo pembeni. Alimtazama kwa muda ambao kuku wawili walikuja, wakadonoa mchele, na hakuna aliyewafukuza.

"Miaka yote hii," alisema, "hilo ndilo swali?"

"Ndilo la kwanza."

"Unayo mengine?"

"Ninayo."

Akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja upande wa kivuli. "Basi toka juani. Kwanza kuna joto, tuanzie hapo. Halafu nitakuambia habari za mama, alivyokufa, maana hukuja kwenye arobaini."

Alikaa. Mama akaanza kusimulia, na Katekista akainamisha kichwa upande wake kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kutoka kwa jirani lori lilipiga honi, mara moja, kisha mara mbili. Nilisimama nikisubiri lile neno. Nilimfahamu, lingekuja. Honi ikalia tena, ndefu, na yeye hakugeuka, aliuliza, "Alisema nini kabla ya kukata roho?"

Nilitoka uani polepole nisiwashtue kuku. Dereva alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Mzee yuko wapi? Tunachelewa!"

"Twende," nikamwambia. "Yeye bado."